Mkeka wa Mama na King'ora Nilichokizima

Vailupe,
Savai'i, Samoa.
14 Agosti, 2019.

Mpendwa Dada Fetuao,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Brisbane? Goti linaendeleaje, na ile baridi imepungua? Sisi huku miili ni mizima. Kwa mengine, Dada, kaa kitako kwanza ndipo usome.

Najua umeshasikia kwamba niligonga mtu. Watu husimulia wanavyotaka, ndiyo maana nimeona bora usikie kwangu mwenyewe. Tena nina jambo la kukuomba radhi, nalo ni la mkeka wa mama.

Ijumaa moja mwezi uliopita tulikuwa tunamkimbiza hospitali mama mmoja aliyejifungua, damu haikatiki. Muuguzi alikuwa binamu yetu Lusia, yule chiriku. Siku hiyo alikuwa kimya, nikajua mambo ni mabaya. Tulipoikaribia Satuilagi nikasikia kombe la baharini linapulizwa kuita sala ya jioni. Unajua tulivyolelewa: kombe likilia, hata mbwa anakaa. Na mwaka jana mzee Ulimasao, chifu wa pale, alikuja kituoni kwetu kwa heshima zote kutuomba tusiwapigie kelele wakiwa kwenye sala. Tangu hapo nikifika pale huzima king'ora, naacha taa tu.

Sheria naijua, Dada. Mimi ndiye ninayewafundisha madereva wapya. Gari la wagonjwa linaruhusiwa kuzidisha mwendo pale tu king'ora na taa vinapofanya kazi pamoja. Ukizima kimoja, huna tofauti na dereva wa gari la samaki, punguza mwendo. Mimi nilizima, na mwendo sikupunguza. Nilijiambia saa ya sala barabarani hakuna mtu.

Alikuwepo. Binti wa miaka kumi na tisa, Sinalei, amechelewa, anakimbia avuke awahi sala ya kwao. Alitokea nyuma ya ukuta wa kanisa, na breki hazikusaidia kitu. Lusia alishuka, akampima, akamfunika shuka. Watu wake walikuwa wameshafika. Akarudi ndani akaniambia, "Endesha, Pelenato. Huyu bado yu hai."

Ndipo nikawasha king'ora. Yule mama alipona. Alinitumia salamu za shukrani nami nikashindwa kumjibu.

Sinalei alikuwa binti wa mzee Ulimasao.

Kesho yake kabla ya jua kuchomoza ukoo mzima tulikwenda kuomba msamaha. Nilipiga magoti mbele ya nyumba yao, nikafunikwa mkeka kama desturi yetu ya kuomba radhi. Kwetu hapakuwa na mkeka wa kufaa ila ule aliousuka mama miaka minne, akisema kila siku ni wa Fetuao. Nisamehe, sikukuuliza. Mtu umemuulia mtoto, huwezi kwenda kwake na mkeka wa ovyo.

Tulikaa mpaka jua likawa kali. Wangeweza kunipiga mawe, nisingenyanyua mkono. Mwishowe nikasikia hatua, mkeka ukafunuliwa. Mzee akasema taratibu, "Inuka, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuomba uzime."

Nililia mbele ya watu wote, na wala sioni haya kukuambia.

Kesi ni Jumatatu. Mzee anataka aje aiambie mahakama kwamba yeye ndiye aliyeomba, na wakili anasema hilo linaweza kuniepusha na jela. Nimekataa. Alituomba tunyamaze, hakutuomba tukimbize gari. Mzee wa watu ametoka kuzika, halafu nimsimamishe mbele ya hakimu ajitangaze kwamba ni yeye aliyemuua mwanawe? Siwezi. Nitakiri kosa langu. Usihangaike kupanda ndege, Dada, na usinigombeze. Ninaogopa, lakini nimeshaamua.

Nisalimie shemeji Iakopo na mpwa wangu mdogo Melesete, mwambie kaka zake wanamkumbuka. Lusia anakusalimu sana, ingawa siku hizi haongei.

Mkeka usiusubiri tena. Mzee Ulimasao alimzika Sinalei ndani yake.

Mungu akulinde kila unapovuka barabara.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Pelenato