Sponji ya Maiki ya Baba

Jumamosi, Msamala

Stendi ya maiki nimepata, ile ya kubana mezani. Sponji ya maiki sikununua, na bado nina hasira na yule muuzaji, ingawa hana kosa lolote.

Sponji aliitaka Baba mwenyewe. Tulikuwa tunarekodi podikasti yetu hapa nyumbani, anasimulia maisha ya Maposeni enzi za utoto wake, na kila akimaliza sentensi pumzi yake inapiga kwenye maiki, fuu. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Akaniambia, "Mwanangu, nitafutie hicho kidude cha kufunika, nisiwaumize watu masikio."

Nikasema nitakwenda mjini mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulitukuta msibani.

Leo ndiyo nimekwenda, ili vipindi vilivyobaki nivimalizie peke yangu. Muuzaji akanitolea sponji nyeusi, akaiminyaminya, akasema kwa furaha, "Dada, chukua hii. Hii inakata pumzi kabisa."

Nikamrudishia. Akadhani nalalamikia bei, akapunguza. Maskini.

Nimerudi nikavaa hedfoni, nikafungua kipindi chake cha mwisho. Nilikuwa nimepanga kuisafisha ile sauti kabla ya kuirusha. Sasa sigusi kitu. Watu wakiumia masikio, wanisamehe.

Hadithi zake hata mimi naweza kuzisimulia. Kuhema kwake siwezi.