Fulana Siivui, Mjomba

Chumba namba saba, ghorofa ya pili,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mkaza mjomba hajambo? Mama anasema siku hizi unalala vizuri na sahani unairudisha tupu, nami nimefurahi sana.

Mimi ni mzima, kasoro uvimbe. Ndiyo, bado upo kidogo upande wa kushoto, na nautaja mapema usije ukadhani nauficha.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama kwa hasira. Umeniamuru niivue fulana ya kubana, niache kujifunga kama mzigo wa sokoni. Nakuheshimu, Mjomba, lakini kwa hili nimetia masikio pamba. Siivui.

Kwa kuwa habari umezipata kwa Mama, ambaye hakosi kuongeza chumvi, acha nikueleze mwenyewe. Wiki saba zilizopita nilipasuliwa kifua, nikatolewa matiti yaliyoniota nikiwa na miaka kumi na mitatu. Daktari alisema ni tezi tu, wanaume wengi wanazo, na kukonda hakuziondoi. Si unakumbuka mwaka ule niliokimbia kila asubuhi? Mashavu yaliisha, kifua kikabaki palepale.

Kazini waliniita Shangazi. Mafundi rangi kumi na wawili, bomba moja la kuogea, na mimi peke yangu naoga na shati. Nilicheka nao miaka sita. Sikufurahi hata siku moja.

Baada ya upasuaji ndipo nikavishwa fulana hii. Ina zipu mbele, inabana kuanzia makwapani hadi kiunoni, na sharti ni usiku na mchana kwa wiki sita, kuitoa wakati wa kuoga tu. Maji hujikusanya pale nyama ilipotolewa, na fulana huyanyima pa kukaa. Wiki ya kwanza kifua kilivimba kuliko kilivyokuwa mwanzo, Mama akalia kwamba nimekatwa bure. Nesi akaniambia nijikaze kisabuni, nilale chali na mito miwili mgongoni, nisinyanyue mikono juu ya mabega, na niangalie fulana isijikunje, maana kila kunyanzi linaacha alama kwenye ngozi. Nikatii. Kufika wiki ya nne kifua kilikuwa bapa. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni mpaka wapangaji wenzangu wakaanza kugonga mlango.

Kosa nililifanya mwenyewe, na hili Mama hakukwambia kwa sababu halijui. Wiki ya tano nilipita kazini kusalimia. Kusalimia gani! Nilikwenda kujionyesha. Nilisimama chini ya ngazi nikafungua vifungo vya shati ili wenzangu waone, na tone la rangi ya mafuta likaniangukia kifuani. Fundi rangi akichafuka anafanya nini? Niliingia chooni, nikaivua fulana, nikaisugua kwa tina, ile tunayosafishia brashi. Rangi ilitoka yote. Mpira wa fulana nao ukafa. Kesho yake ubavu wa kushoto ulikuwa umelegea kama soksi kuukuu, nami nikaendelea kuivaa nikijidanganya kwamba bado inabana. Siku ya tatu, nikiinama, nasikia maji yanatikisika ndani.

Hospitalini nesi aliyavuta kwa sindano, mabomba mawili mazima. Akauliza fulana imepatwa na nini. Nilipomwambia, alikaa chini kwanza, kisha akasema, "Sasa wewe, hicho ni kifua au ukuta?" Nimepewa mpya, na wiki sita zimeanza kuhesabiwa upya. Daktari hakuniahidi kitu. Maji yakirudi, huenda akafungua tena upande ule. Naogopa, Mjomba, sitakuficha. Ndiyo maana siivui hata joto linapozidi na ngozi inawasha mpaka machozi yananitoka.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba mwili umekataa upasuaji. Mwili haujakataa. Ni tina.

Nisalimie Mkaza mjomba, na binamu yangu dereva, umwambie bado namdai mchezo mmoja wa bao. Bibi mbusu paji la uso. Mama anawasalimu wote, ingawa hajui nimeandika nini humu.

Kabla sijafunga bahasha, kuna neno lako moja limenikaa. Umeandika kwamba hiki ni kifua cha ukoo wetu, na wanaume wa kwetu wamekibeba bila kelele. Kelele sikusikia, kweli, lakini nilikuwa nakuona. Ulipotupeleka watoto kuogelea ziwani, jua la saa saba, ulikaa ukingoni umevaa koti, ukasema unalinda viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa kandambili jozi nne. Mimi nikaja kukaa kando yako na shati langu, tukavilinda wawili mpaka jioni. Hukuniuliza kwa nini siogelei, nami sikukuuliza. Nilikupenda sana siku ile. Pia nilikukasirikia, na sijaacha.

Nimemuuliza daktari kuhusu mwanaume wa miaka hamsini na minane. Amesema hajachelewa. Chukua futikamba ya fundi cherehani, ujizungushie kifuani usawa wa chuchu, pumzi ukiwa umeishusha, uniandikie namba, nikutafutie fulana yako. Usiponiandikia, fulana hii ikishamaliza wiki zake nitakuja nikupime mwenyewe, na koti hilo utalivua mbele yangu. Mungu akutunze mpaka nifike.

Mpwa wako akupendaye,
uliyelinda naye viatu.