Mawaridi ya Kaburi la Baba

Jumamosi. Joto limepungua lakini vumbi bado limetanda, na mimi situlii. Nimeinuka kwenye kiti hiki mara nyingi kuliko sentensi nilizoandika.

Ugomvi ni wa maua.

Kaka yangu Musyoka alileta miche ya mawaridi kutoka Nairobi, akaipanda kwenye kaburi la baba hapa nyumbani, karibu na soko la Tulia, akapiga picha, akarudi zake. Mawaridi! Mahali ambapo mto ni mchanga mtupu na maji tunayafukua! Huo si upendo, ni ulimbukeni. Wakoloni walitufundisha kwamba ua ni lile linalokufa lisipopata mtumishi, na linalojiotea lenyewe ni kichaka.

Wiki hii nimegundua nani anaumia. Mama anaoga kwa kikombe ili mawaridi yapate ndoo. Yakisinyaa, anamswaga punda tena hadi mtoni, na mgongo wake ule unaomuuma.

Kwa hivyo leo nilikuja na jembe na miche yangu: kiluma, yaani mshubiri, na waridi la jangwani, mimea ya hapahapa isiyomwomba mtu tone.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kiluma? Mutua, hicho nawatilia kuku kwenye maji wakiugua. Unataka baba yako alale kwenye dawa ya kuku?"

"Na hili lingine, mwaitu?"

"Hilo hata mbuzi wamelikataa."

Nikahutubu. Ukame, ukoloni, bustani za wazungu, vyote nikavitaja. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni.

"Umemaliza? Baba yako aliishi na vitu vya kuvumilia tu. Mimi nikiwa kimojawapo. Sasa mwache apate kitu cha kudekezwa."

Nimebishana na wachungaji, madiwani na maprofesa, nikawashinda. Leo nililiegemeza jembe langu ukutani.

Bado nasema mawaridi hayafai hapa. Nasema hivyo hata sasa.

Lakini mgongo ni wa mama. Kesho kabla hajaamka nitamtandika punda niende mtoni mwenyewe, mimi adui wa mawaridi, niyafukulie maji.

Jumatatu narudi kazini Kitui mjini, kama Musyoka alivyorudi kwake.

Atakwenda nani?