Kikombe cha Asali Kabla ya Mizani

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba ukae kabla ya kusoma, maana barua ni ndefu na najua utaanza kuisoma umesimama mlangoni, miwani ikiwa bado mkononi. Mimi ni mzima. Shangazi naye ni mzima, ila mgongo unamsumbua kwa kusimama kutwa akisuka nywele za watu. Ninyi je? Kifua cha Bibi kimepona? Mvua imefika hapo Sikonge, au bado mnayatazama mawingu yakipita kuelekea Igalula bila kusimama? Na ile mizinga ya upande wa mto, nyuki wamerudi?

Ningeweza kupiga simu. Lakini ukipokea simu yangu unaweka sauti kubwa ili na majirani wasikie, na mimi unanijua, nikijua nasikilizwa na watu saba nasema "ndiyo" na "salama" mpaka salio linakwisha. Barua hii anakuja nayo Mama Lea, rafiki wa Shangazi, anayerudi Tabora kumwona mama yake. Nimeiandika kwa sababu kuna jambo nimelifanya na dumu la asali ulilonifungia kwenye kitenge. Ulisema nimpe mtu atakayenipokea vizuri huku Marekani. Nilimpa, na nusura nimharibie maisha.

Kwanza nikiri jambo dogo. Nilikuambia nimepata kazi kwenye ukumbi wa mazoezi, nawe ukamwambia mchungaji kwamba nawasaidia wagonjwa kunyoosha viungo. Sikukurekebisha. Baba, ni ukumbi wa ngumi. Nafua taulo na bandeji wanazozungushia mikono, napiga deki ulingo, nafuta vumbi kwenye picha. Hakuna anayenigusa wala kunisemesha vibaya, na Shangazi anamjua kocha, mzee mmoja anayechechemea, kwa miaka mingi.

Zile picha ndizo zilizonifundisha habari za Dada Norma, bondia anayefanya mazoezi hapo. Zimepangwa ukutani kuanzia mlangoni mpaka bafuni, na kila asubuhi nikizifuta namwona akikua. Ya kwanza ana miaka kumi na sita na glavu zinamzidi mikono. Inayofuata amevimba jicho, ni siku aliposhindwa pambano lake la kwanza la kulipwa. La pili pia alishindwa. Kocha anasema mtu mwingine angerudi nyumbani, lakini yeye alikuwa anaoka mikate alfajiri na kuja ukumbini mchana na unga kwenye nyusi, akajifunza upya jinsi ya kusimama. Kisha zinafuata picha nyingi za mkono ulioinuliwa, halafu ile kubwa yenye mkanda. Alikuwa bingwa wa uzani wa unyoya. Usicheke, ndivyo unavyoitwa. Ni watu wasiozidi kilo hamsini na saba na kidogo, na mizani haina huruma nao.

Baada ya ile kubwa kuna picha ambayo siifuti haraka. Mkono wake wa kulia umelala kifuani. Ulivunjika katikati ya pambano, naye akamaliza raundi zote zilizobaki kwa mkono wa kushoto peke yake, akashinda, na mpinzani hakujua mpaka walipokuja kumvua glavu. Baada ya hapo akakaa nje, akazaa mtoto, mkanda ukaenda kwa wengine. Aliporudi alianzia chini kabisa, kwenye kumbi ambazo watazamaji ni wachache kuliko kwaya yetu. Sasa ana miaka thelathini na sita. Mwaka huu ndipo wakampa nafasi ya kuugombea tena mkanda ule ule, na kocha akasema waziwazi kwamba hakutakuwa na nafasi nyingine.

Mtu huyu, Baba, ndiye wa kwanza kuniuliza jina langu mahali pale. Siku ya kwanza nilimwambia shikamoo na kukunja goti kidogo, bila kufikiri. Akataka kujua ni nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha shule, nikamfundisha kujibu. Tangu siku hiyo anasema "marahaba" kwa kila kitu. Hata akipigwa ngumi nzuri mazoezini anasema marahaba, na wenzake wote wameshaizoea.

Wiki ya pambano wote waliniambia asipewe chakula, anapunguza uzito. Nilishika hilo. Kuhusu maji hakuna aliyeniambia, na tangu nifike sikuwa nimeona mtu akijiandaa kwa pambano kubwa namna ile. Asubuhi ya kupima uzito nilifika mapema kwa ajili ya taulo. Nikamkuta peke yake kwenye benchi, amevaa nguo za plastiki za kutoa jasho juu ya masweta, midomo imepasuka kama ardhi yetu mwezi wa kumi. Sikuweza kuvumilia. Nyumbani hata mtu tusiyemjua akipita na kiu tunamchotea. Nikachemsha maji, nikakoroga asali yako vijiko vinne kwenye kikombe kikubwa, nikampelekea.

Akatikisa kichwa. Nikadhani ni adabu tu, kama wageni wetu wanavyokataa mara ya kwanza. Basi nikafanya kama Bibi alivyonifundisha. Nikapiga magoti, kwa mkono wa kushoto nikashika kiwiko cha kulia, nikainamisha macho, nikangoja. Kisha nikasikia kikombe kinanitoka mkononi. Alikunywa chote mpaka tone la mwisho, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kabula," akasema, "watu waliowahi kupiga magoti mbele yangu wote niliwaangusha mimi. Wewe ni wa kwanza kupiga mwenyewe."

Nikaenda kufua taulo zangu nikiwa na furaha.

Upimaji ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli, watu wengi, kamera nyingi. Mimi nilibeba begi la taulo. Mpinzani wake, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye mabega ya kupendeza, alipanda mizani akapita. Dada Norma akapanda. Yule bwana wa mizani akasoma, akamwomba ashuke, akamwomba apande tena. Alikuwa amezidi gramu mia tatu na kitu. Wakampa muda wa saa mbili kuzipunguza. Akishindwa, atapigana, lakini hata akishinda mkanda hatapewa.

Ulituhadithia kwamba babu yako alikuwa mpagazi, akibeba pembe kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, na kwamba asubuhi mzigo ukishafungwa na mwenyewe ameshaunyanyua, hakuna aliyethubutu kumwongezea hata kibuyu, kwa sababu mwili umeshakubaliana na mzigo ule. Nilikumbuka hadithi hiyo pale pale, nimesimama na begi. Na nikajua kikombe kile kina uzito gani. Mimi ni mtoto wa mrina asali, nimepima asali tangu nikiwa mdogo.

Kocha alifura kwa hasira. Akauliza ni nani aliyempa kitu. Dada Norma akajibu kwamba kiu ilimshinda, akaenda mwenyewe bombani. Alisema hivyo bila hata kunitupia jicho. Wakamfunga tena zile nguo za plastiki, akaanza kuruka kamba kwenye korido. Aliruka mpaka miguu ikawa inagonga kamba, na jasho halikutoka. Mwili ulikuwa hauna tena cha kutoa. Saa moja ikaisha. Walipompima kwa siri alikuwa hajapungua hata nusu ya kilichotakiwa. Mtu mmoja wa upande wa mpinzani akasema kwa sauti kwamba bibi huyu angebaki kwenye mikate yake.

Baba, unajua nilivyo. Darasani nilikuwa nalijua jibu na sinyooshi mkono. Lakini nilipoyasikia maneno yale nikaweka begi chini.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpa asali na maji. Kikombe kizima."

Kocha akanigeukia kama vile kiti ndicho kilichosema. Nikaona nikinyamaza sasa sitaweza tena, nikaendelea. Nikamwambia uzito wa kikombe kile Dada Norma anao kichwani. Shangazi alikuwa amemsuka rasta ndefu za kufika kiunoni kwa ajili ya siku hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa Shangazi zile pakiti za nywele za bandia moja baada ya nyingine. Nilijua uzito wake mkononi.

Kocha akaitisha mkasi, akataka kukata kila kitu kuanzia mzizini. Dada Norma akaziba kichwa kwa mikono. Ana nywele zake mwenyewe nzuri, zinazogusa mabega, na ndizo alizoachiwa na ujauzito na miaka yote ile ya kupigwa. Akaniuliza mimi, si kocha:

"Unajua zangu zinaishia wapi?"

Nikamwambia najua. Nilizishika zote.

Basi tukaingia kwenye choo cha hoteli, yeye akakaa sakafuni, mimi nyuma yake. Kidole kinaingia kwenye msuko, kinatafuta pale nywele ya mtu inapoishia na ile ya pakiti inapobaki peke yake, mkasi unakata hapo, naanza kufumua. Kocha alisimama mlangoni akitaja dakika, mpaka Dada Norma akamwambia ahesabu kimyakimya. Nilipomaliza, sakafu ilikuwa imejaa, na nywele zake zimesimama kila upande kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Akajitazama kwenye kioo akasema, "Marahaba."

Wakashika taulo pande zote akapanda mizani, na sitaandika alivyovaa. Yule bwana akasoma mara moja tu. Alipita, kwa tofauti ndogo sana.

Pambano lilikuwa kesho yake. Nilikaa nyuma ya kona yake ya ulingo na ndoo. Ninakueleza kwa kifupi kwa sababu nikianza kuandika raundi zote kumi, Mama Lea ataondoka bila barua. Raundi za mwanzo alikuwa mzuri kuliko picha zote za ukutani. Alikuwa kama anajua ngumi ya yule msichana kabla haijaondoka begani. Raundi ya sita akapigwa ubavuni, akaenda chini kwa goti moja. Refa akahesabu. Nilimwona anapumua, anamsikiliza refa kwa utulivu, akainuka alipofika nane. Hakurudi nyuma hata raundi moja baada ya hapo. Watu waliokuwa wanamzomea nywele wakasimama wakampigia makofi.

Majaji wawili wakampa yule msichana, mmoja akampa yeye. Alishindwa, Baba. Dada Norma mwenyewe ndiye aliyeshika mkono wa mpinzani akauinua juu kabla refa hajaufikia.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nililia mpaka nikaona aibu, maana aliyepigwa ni yeye. Nikamwambia ni kosa langu. Ningemwacha na kiu yake asingeruka kamba vile, na miguu isingechoka. Alikuwa ameweka barafu shavuni. Akaitoa ili azungumze vizuri.

"Yule binti ana mkono wa kushoto ambao mimi nikiwa na umri wake sikuwa nao," akasema. "Amefanya kazi, ameshinda. Usimpokonye ushindi wake ukakipa kikombe cha asali."

Kisha akaniuliza kama imebaki. Nilikuwa nayo kwenye begi, kwenye chupa ndogo, sijui kwa nini niliibeba. Nikaomba maji ya moto, nikakoroga vijiko vinne kama mara ya kwanza, nikapiga magoti. Akaniambia nisimame. Nikamwambia kwetu hatutoi hivyo. Akanitazama kidogo, halafu naye akashuka kutoka kwenye kiti, polepole, akishika ukingo wa meza kwa sababu ya ubavu, mpaka tukawa sote wawili tumepiga magoti sakafuni tukitazamana, kikombe kikiwa katikati. Akakipokea kwa mikono miwili. Kocha akafungua mlango, akatukuta hivyo, akavua kofia, akauliza kama tunasali.

"Anakunywa," nikamjibu.

Akanywa chote, hakubakiza. Halafu akajaribu kuinuka akashindwa, akaanza kucheka akishika ubavu, na mimi nikacheka, na kocha naye, na ilibidi tumnyanyue watu wawili.

Jumatatu alikuja ukumbini na nywele zake mwenyewe zilizochanwa vizuri, akanisaidia kutundika picha ya mwisho karibu na bafu. Si ile anapouinua mkono wa yule msichana. Alichagua ile ya goti moja, refa akiwa anahesabu.

Baba, naomba umpe Mama Lea dumu lingine akirudi. Usiogope, Dada Norma hapimwi tena.

Msalimie Mama, mwambie nakula na nguo za joto ninazo. Bibi mwambie magoti aliyonifundisha yamefika mbali. Kaka Shija aache kulala shambani kwenye zamu yake ya tumbaku. Mchungaji mweleze ukweli kuhusu kazi yangu, au mwache aendelee kuamini nawanyoosha watu viungo. Baada ya siku ile tulipomnyanyua Dada Norma sakafuni, si uongo sana.

Ni mimi, binti yako anayejaribu kunyoosha mkono,

Kabula