Kamba za Kuamia Ndege

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Mkula tu wazima, mpunga umechanua, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza utawafundishaje wanafunzi wako mfumo wa fahamu. Mimi darasa langu nililipeleka shambani, kwenye kibanda cha kuamia ndege. Nikavuta kamba, makopo yakalia kule mbali.

"Kibanda ni ubongo, kamba ni neva, makopo ni vidole."

Kisha nikakata kamba moja. Nikavuta, kimya.

Kulwa, ambaye baba yake alipooza mkono na ukoo mzima ukasema karogwa, akasimama.

"Mwalimu, kumbe kopo ni zima! Kamba ndiyo imekatika."

Kesho yake alimpeleka baba yake hospitali. Nami nilitembea kama mkuu wa wilaya.

Bibi yako