Dada, Nilikuandika Nusu

Mpendwa Dada,

Uwakilishi, kwa maana ninayoishika katika barua hii, ni kitendo cha mtu kusema mahali pa mwingine, kwa idhini ya huyo mwingine, naye akiwa na uwezo wa kuiondoa idhini hiyo atakapo. Idhini ikikosekana, kinachobaki ni hesabu tu: mtu anaiongezea sauti yake uzito usiokuwa wake. Maana hii nimewafundisha wanafunzi wangu wa chuo kwa miaka mingi, hapa Irving, kando ya Dallas, Texas, ulipoishi nami. Kisha nikaivunja mbele ya macho yako.

Ulikuwa na desturi ya kukaa jikoni ninapotayarisha masomo, miguu umeinyoosha juu ya kiti cha pili baada ya zamu ya siku nzima kule DeSoto, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. "Nisomee," ulikuwa ukisema, "ila usinisomeshe." Ndivyo ulivyoisikia habari ya wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba ya nchi hii. Nilikusomea kwamba kila jimbo lilitakiwa kupata viti katika Baraza la Wawakilishi kulingana na idadi ya watu wake, na kwamba hapo likazuka swali la watumwa.

"Ngoja kwanza," ukanikatiza. "Wenye watumwa ndio waliotaka watumwa wahesabiwe?"

"Ndio. Kila mmoja, mtu kamili."

"Na wale wa kaskazini?"

"Walitaka wasihesabiwe kabisa."

"Basi mle ndani hamkuwa na mtu wao."

Sentensi hiyo niliiandika pembeni mwa karatasi yangu. Nimeitumia darasani tangu siku ile bila kusema ni yako.

Walikubaliana kwamba mtumwa ahesabiwe sehemu tatu za tano za mtu. Neno lenyewe, mtumwa, hawakuliandika. Waliandika "watu wengineo". Wasomaji wengi hukasirishwa na udogo wa sehemu hiyo, kana kwamba kosa lingefutika kama wangehesabiwa kamili. La. Kila kilichoongezwa katika hesabu hiyo kilimnufaisha bwana, kwa kuwa kura ilikuwa mkononi mwake, na viti vilivyotokana na watu wale vilitumika kutunga sheria za kuwaweka utumwani. Hata baada ya vita na uhuru, weusi wa kusini walihesabiwa watu kamili huku wakizuiwa kupiga kura kwa miongo mingi. Majimbo yaliyowazuia yakapata viti vingi zaidi. Kipimo cha haki, kwa hiyo, hakimo katika ukubwa wa namba. Kimo katika swali la nani anaitumia.

Haya yote niliyajua siku tuliyoteremka Houston.

Umoja wetu wa Waswahili wa Dallas ulikuwa unaungana na ule wa Houston, nami nilipewa kazi ya kuandika katiba ya muungano. Baraza la pamoja ndilo lingeamua mengi, hata nani asafirishwe nyumbani kuzikwa na nani azikwe huku. Ulikataa nishike usukani. "Wewe pitia makaratasi yako," ukasema, "nita-drive mimi." Ilikuwa Jumapili yako ya kwanza ya mapumziko kwa muda mrefu. Mikutano yetu huwa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ambayo watunza wagonjwa hawakosi kupangiwa zamu. Kwa kanuni yetu, asiyehudhuria mikutano minne kwa mwaka hapigi kura. Hukuwahi kuifikisha minne.

Katika kugawana viti vya baraza, sisi wa Dallas tulidai kila mkazi anayezungumza Kiswahili ahesabiwe, awe Irving, Plano au DeSoto, apige kura asipige. Houston wakasema asiye na kura asihesabiwe. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Ndipo nikasimama, mwalimu wa somo hilohilo, nikapendekeza kwa sauti ya mtu aliyevumbua jambo: wasio na kura wahesabiwe nusu. Wakapiga makofi. Wewe ulikuwa unapita na birika la chai.

"Kwa hiyo mimi ni nusu?" ukauliza.

"Nusu gani, Dada Zuhura," akadakia mzee mmoja wa Houston, "ya kupika au ya kula?"

"Ya kula nakuachieni. Mmeshaizoea."

Ukumbi mzima ulicheka, nawe ukacheka. Mimi nikafungua kifungu kilichofuata.

Tukiwa njiani kurudi ulinihadithia juu ya bibi mmoja uliyekuwa ukimwogesha kila asubuhi, ambaye nyanya wa mama yake alizaliwa utumwani mashariki mwa Texas. Ulikuwa umemwambia unakwenda mkutano wa katiba. Akakwambia uulize kama jina lako limo.

"Haya, nauliza. Limo?"

"Limo," nikajibu. Hukusema tena mpaka tukaupita mji wa Corsicana.

Sitaki kuikuza hatia yangu kwa kuivika msiba usio wangu. Hapana aliyeuzwa katika ukumbi ule. Hapana mtoto aliyenyang'anywa mamaye. Ulikwenda kazini kwa miguu yako na ungeweza kuuacha Umoja siku yoyote. Anayefananisha mambo hayo mawili kwa ukubwa anawadhulumu waliokufa. Kinachofanana ni umbo tu, nalo ndilo nililopaswa kulitambua kabla ya mtu yeyote mle ndani.

Nililitambua baada ya kukuzika. Kama katibu, nilikaa kuisahihisha orodha ya tawi letu kabla ya uchaguzi wa baraza. Nilipolifuta jina lako, jumla yetu ilishuka nusu chini ya kiwango cha viti tulivyokuwa navyo. Kiti kimoja kikatutoka, na kwa kiti hicho wingi wetu. Nikampigia simu Mzee Shabani, mwenyekiti wetu.

"Mwache kwanza," akasema. "Uchaguzi ukipita, utamtoa."

"Mzee, amekufa."

"Mungu amrehemu. Mwache kwanza."

Nikakuacha. Naandika neno hili bila kulipamba. Kwa wiki tatu sasa uko kaburini, na uko katika orodha yangu, nusu.

Jumapili hii tunakutana Houston. Nimepeleka hoja mbili: jina lako litoke kabla ya uchaguzi, na kila anayehesabiwa apige kura, hata kwa simu akiwa kazini. Mzee Shabani amenisihi niziondoe. "Hao wa zamu ni wengi kuliko sisi, Profesa. Ukiwafungulia mlango, watatutoa sote, na wewe wa kwanza." Kweli tupu. Kisha akaongeza, "Na marehemu dada yako hakulalamika. Alicheka, wote tulimwona."

Nimehesabu kura, hazitoshi. Zingetosha kama ningewasimulia habari zako: miguu juu ya kiti, Jumapili ulizokosa, ukimya wa njiani. Wanakupenda, nao ni watu wepesi wa machozi kwa maiti. Lakini hukunituma. Ulikuwa na fahari, na pengine ulipenda Dallas ishinde kuliko ulivyopenda kura. Sijui. Miaka yote tuliyoishi nyumba moja sikukuuliza hata mara moja.

Pumzika, Dada, mahali ambapo hakuna atakayekupangia zamu. Nami naondoka na swali hili: je, ni haki nishindwe kwa kukunyamazia, au nishinde kwa kukusemea jambo ambalo sikukuuliza ulipokuwa hai?

Mdogo wako