Zawadi ya Siku ya Kifaru

Jumatatu, 3 Machi

Nimeingia Bonde, gemu letu, kabla ya kwenda kazini. Nimemwagilia bustani, nimelisha mbuzi wangu wa kwenye simu. Kisha nikatoka, nikaingia kwa akaunti ya mume wangu na kumchukulia zawadi yake ya siku. Chupa tatu za dawa na kipande cha ngozi. Kifaru, mhusika wake, ana siku 1,083 mfululizo bila kukosa hata moja. Mwenyewe hajaligusa hilo gemu tangu Januari.

Aliniambia kwenye simu: nimelichoka. Basi. Kama mtu anayezungumzia viatu. Nikasema sawa.

Mwaka wa tatu huu yuko mji mwingine, anafunga lifti kwenye maghorofa, anakuja nyumbani kila baada ya miezi miwili. Bonde ndilo lilikuwa sebule yetu. Saa kumi na mbili jioni tunaingia wote, yeye anapigana, mimi mganga namtibu, huku tunapiga soga. Bei ya hiki, ugonjwa wa yule. Sasa saa kumi na mbili ikifika nakaa tu kwenye kochi. Sina hasira. Sina chochote. Ganzi tupu, kama mdomo uliochomwa sindano ya jino.

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu amepita baada ya kazi. Hajakaa hata dakika tano ameshanisoma. Dada, mbona umekuwa kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba? Nikamweleza habari ya Bonde. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Amesema mtu hahami mahali patamu, kwa hiyo shemeji amepata patamu zaidi, je, napajua?

Napajua. Juzi tukiongea nilisikia tarumbeta nyuma ya sauti yake. Nikamuuliza. Akasema ah, Ngome Saba, gemu la watu wa kazini.

— Na wewe umekaa tu? Asiyekuwepo na lake halipo, dada!

Kaondoka na bakuli langu la plastiki. La tatu hilo.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Nimekata lenzi kumi na moja. Chumba changu cha kukatia kiko ukuta kwa ukuta na cha daktari wa macho, kwa hiyo kutwa nzima namsikia: hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili? Sasa je? Wagonjwa hawajui vioo vinafanyaje kazi lakini wanajua kipi ni bora. Nimefikiri — kwa nini nisifanye hivyo na magemu? Niyacheze moja moja. Hili au hili. Nijue mtu anabakia wapi, na kwa nini.

Si kwa ajili ya magemu, najua. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema mahali pengine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza na Visiwa vya Moshi. Dada wa mapokezi analipenda. Lo, ni zuri! Maji yanameta, nguo za wahusika utasema wanakwenda harusini. Ukiingia tu unamwagiwa zawadi. Farasi bure. Upanga bure. Halafu kuna kitufe pembeni: ukikibonyeza mhusika anajiendesha mwenyewe. Anapigana, anaokota, anapanda viwango, wewe unaangalia. Nimekibonyeza nikaenda kupika. Niliporudi alikuwa ameshamuua joka.

Jumapili, 9 Machi

Nimelifuta Visiwa. Siku nne. Sikulichukia — halikuwa na haja na mimi, ndiyo hivyo tu. Nikimuuliza dada wa mapokezi kama bado analicheza atasema ndiyo, kumbe linajicheza.

Bomba la jikoni limeanza kudondoka maji. Nimempigia fundi bomba, atakuja Jumamosi asubuhi. Mume wangu alisema mwaka jana lile bomba litaharibika, akanunua spana kabisa, akaiweka chini ya sinki. Lakini mpaka aje yeye!

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefungua akaunti Ngome Saba. Walitaka jina la haraka, kijiko kilikuwa mbele yangu. Basi mimi ni Kijiko. Mganga, kiwango cha kwanza, fimbo ya mti.

Nikatafuta "Kifaru". Yupo. Jina hajabadilisha, hata hilo halikumjia. Kiwango cha arobaini. Chama chao kina watu tisa na tangazo: tunatafuta mganga, asiwe mvivu. Nimeomba. Kabla chai haijapoa wamenikubali.

Nimekuwa mpelelezi wa mume wangu mwenyewe. Nimejaribu kuona aibu. Imekuja kidogo, ikaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Sasa naanza kuelewa. Ngome Saba ni baya kwa sura. Kuta zote rangi ya saruji, farasi anatembea kama ana tumbo. Hakuna zawadi ya siku. Hakuna kitufe cha kujiendesha. Lakini kila ngome ina mlango, na kila mlango una makomeo mawili yaliyo mbali, lazima watu wawili wavute pamoja. Mmoja akikosekana, wote mnakaa nje. Jioni hii mmoja wao alichelewa kwa sababu ya foleni ya benki, tukamsubiri nusu saa, wanataniana, wanatukana joka, hakuna aliyeondoka. Alipofika wakamshangilia kama bwana harusi.

Tulipoingia mimi nilikuwa na Kifaru. Kabla hajageukia korido ya pili nikamkabidhi chupa tatu za dawa. Mazoea! Hata Bonde huwa anaumia korido ya pili, hatazami kulia. Akaandika: umejuaje nitahitaji tatu?

Nikaandika: bahati.

Akasimama. Kifaru mzima, katikati ya vita, amesimama. Kisha akaandika: kuna mtu unanikumbusha.

Tukaendelea.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi nyingi. Hakuna cha kuandika. Bomba linadondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Wenzake walitoka mapema leo, tukabaki wawili nje ya ngome ya tatu, tunasubiri saa ya mlango. Kijiko na Kifaru. Nikamuuliza, kama mgeni tu, amecheza magemu gani mengine. Nilitaka anilinganishie. Hili au hili.

Ameniambia. Naandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Alicheza Bonde na mke wake miaka mitatu. Zuri. Lakini mwishoni akiingia alikuwa anakuta kila kitu kimeshafanywa. Zawadi imeshachukuliwa, farasi ameshakula, upanga umenolewa. Mke wangu anaingia kwenye akaunti yangu kila asubuhi nisipoteze siku, amesema. Ana roho safi sana. Nikawa mgeni rasmi kwenye shamba langu, nakata utepe tu.

Nilimuuliza: hukumwambia?

Akasema: mtu anakufanyia wema, unamwambiaje aache?

Akaendelea mwenyewe. Kwamba na nyumbani ni vilevile. Kwamba mke wake jina lake la utani ni Bi Tayari — alinipa yeye, wiki ya harusi, tulicheka mpaka machozi — na kwamba akienda likizo anazunguka nyumba nzima anatafuta hata balbu iliyoungua, haipo. Anakaa kwenye kochi miguu pamoja kama aliyekuja kuposa.

Halafu la mwisho. Wamempa mkataba mwingine, miaka miwili. Atatakiwa kusaini Jumatatu ya tarehe 24. Mke wake hajui.

Nikaandika: utasaini?

Akaandika: sijui. Huku wananihitaji.

Mlango ukafunguka. Tukavuta makomeo. Nilimtibu vizuri tu, hakufa hata mara moja. Baadaye nikaenda kuosha kikombe. Kilikuwa safi. Nikakiosha tena. Nilisubiri kuumia, kama unavyosubiri baada ya kujigonga kidole cha mguu, ile sekunde kabla. Sekunde tu. Maumivu hayakufika.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi bomba amekuja saa tatu kamili na mfuko wake. Nimemrudisha mlangoni.

— Mama, linadondoka, nalisikia mpaka hapa.

— Najua.

— Ni washa tu, kile kipira cha ndani. Dakika kumi.

— Najua, fundi. Liache.

Ameniangalia kama niliyepungukiwa. Ameacha namba yake kwa tarakimu kubwa, pengine anadhani sioni vizuri.

Kifaru wa Bonde: siku 1,095. Zawadi nimechukua. Mkono ulienda wenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Leo sikuchukua. Niliamka, nikaweka simu kwenye kabati chini ya mashuka, nikapiga pasi. Nilipiga pasi mpaka mataulo.

Jumatatu, 17 Machi

Kifaru: siku 0.

Zero! Miaka mitatu. Nilidhani nitalia. Nimekata lenzi tisa.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu mstaafu amerudisha miwani. Kaja juu kweli. Alisema nilikuambia ubadilishe kioo cha kushoto peke yake, fremu kwa nini umeinyoosha? Nikamwambia ilikuwa imepinda, mwalimu. Akasema najua ilipinda! Na pua yangu imepinda! Tumezoeana miaka kumi na tano!

Dada wa mapokezi alijificha nyuma ya kompyuta anacheka. Nimeipinda upya, nampima, naipinda, nampima. Akaivaa, akatikisa kichwa, haikuanguka. Amesema ahsante, na safari nyingine fanya ulichoambiwa.

Nimecheka pia. Kisha nikaingia chumbani kwangu, nikawasha mashine bila lenzi, nikaiacha inaunguruma. Kumbe machozi yapo. Kidogo, lakini yapo.

Jumatano, 19 Machi

Kijiko na Kifaru, ngome ya tano. Akauliza: Kijiko, wewe umeolewa?

Ndiyo.

Halafu akaandika: ungekuwa wewe ndiye mke wangu, ungetaka nirudi?

Niliandika nikafuta. Nikaandika "ndiyo", nikafuta. Nikaandika mistari minne mizuri, yenye kila kitu: kwamba hata huku kuna lifti za kufunga, kwamba nimeshaulizia kampuni mbili, kwamba nguo zake zipo upande wa kushoto wa kabati, zimepigwa pasi. Nikaisoma. Bi Tayari mtupu. Nikafuta yote.

Niliyotuma: ningetaka uniulize mimi.

Akaandika: haya. Kisha: Ijumaa jioni nasafiri kwenda nyumbani. Msifungue mlango bila mimi.

Mimi hajaniambia kwamba anakuja. Amemwambia Kijiko.

Ijumaa, 21 Machi

Amepiga simu mchana, sauti ya kawaida. Nakuja, nitafika kesho asubuhi, usihangaike. Nikasema sihangaiki.

Mdogo wangu alikuwepo. Alifungua bomba kunawa, likamrukia. Dada, we mzima kweli? Bomba wiki mbili, balbu ya korido imeungua, na mtu wako anakuja kesho! Nikamwambia viache. Akashika kiuno. Wewe? Wewe uliyekunja nepi zangu mimi kwa rula?

Nikamwambia habari ya mkataba. Tarehe 24. Akaketi. Mwishowe alisema: sasa utamzuia kwa bomba? Nikasema simzuii. Nataka tu aingie ndani akute pana nafasi.

Amerudisha bakuli moja.

Jumamosi, 22 Machi

Amefika saa nne. Begi lile lile. Amekonda mashavu. Tumesalimiana kama watu wa ofisi moja. Akapita korido, akabonyeza swichi, haikuwaka. Akabonyeza tena. Akanitazama. Mimi nikasema karibu chakula.

Tumekula. Amesifu. Nimeuliza habari za safari, akasema nzuri. Jikoni tone, tone, tone, tunalisikia wote wawili, hakuna anayelitaja. Habari za kazi? Nzuri. Kazi zinaendelea? Zinaendelea. Nilisubiri aniulize. Alifungua mdomo mara moja, akaomba chumvi.

Nikatoa vyombo. Sasa ni saa nane na nusu mchana. Yeye yuko sebuleni na simu yake. Mimi nipo jikoni, naandika nimesimama, daftari juu ya friji, mkono mmoja una povu.

Simu yangu imelia kwenye mfuko wa aproni. Tarumbeta. Ile ya Ngome Saba — nilisahau kuizima sauti! Ameisikia. Lazima ameisikia, ni mlango tu kati yetu.

Nimefungua. Ujumbe kutoka kwa Kifaru kwenda kwa Kijiko:

Spana yangu bado iko chini ya sinki, au umeihamisha?

Nimeusoma mara nne. Anajua. Tangu lini? Zile chupa tatu, zile za Jumatano ya tarehe 12 — alisimama. Basi ya Ijumaa iliyofuata yote alikuwa ananiambia mimi. Mkataba, utepe, balbu, Bi Tayari. Na lile swali. Aliniuliza mimi, nami nikamjibu aniulize mimi!

Povu limedondokea ukurasa. Nimeinama nikaangalia. Spana ipo, nyuma ya ndoo, pale pale alipoiweka, imeshika kutu kidogo. Nimeitoa, nikataka niifute, nimpelekee mkononi. Nimeirudisha.

Nimeandika: ipo. Sijatuma bado. Kiti kimesogea huko sebuleni